Dakika Arobaini za Sisimizi

Jumatano, 4 Juni

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Kadi ya kamera ya harusi ya Dada haikufa. Niliifuta mimi.

Haya. Nimeliandika. Paa halijaanguka.

Miaka miwili sasa nyumba nzima inaamini kadi ya kamera ya Kaka iliharibika yenyewe. Ukweli ni huu: Kaka alirudi kutoka harusini amechoka hoi, akalala na viatu. Kila siku huhamishia kazi yake kwenye kompyuta kabla ya kulala. Siku ile moja hakuhamisha. Mimi nilidhani amehamisha. Asubuhi nikachukua kamera bila kuomba, kwa sababu sisimizi walikuwa wamebeba punje ya keki dirishani na nilitaka kuwapiga filamu. Kamera ikasema kadi imejaa. Nikaiamuru ifute. Ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo.

Nilipiga sisimizi dakika arobaini. Nikawahamishia kwenye flashi yangu, nikafuta kadi tena ili isijulikane, nikarudisha kamera mahali pake. Kaka alipoamka akaikuta kadi tupu. Alikaa kitandani muda mrefu sana. Kisha akatoka sebuleni akasema: kadi imekufa.

Bibi alikuwa ndani ya kadi ile. Kabla hawajatoka kwenda ukumbini alimwita Dada chumbani akazungumza naye, na Kaka peke yake ndiye aliyekuwemo, na kamera. Bibi hakuwa mtu wa maneno. Dada anasema hakumbuki alichoambiwa, alikuwa analia, alijua atakisikia baadaye. Miezi mitatu mbele Bibi akafariki.

Naandika haya leo kwa sababu leo Kaka amenipa kamera. Amevuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akapangusa vumbi kwa shati lake. "Chukua, dairekta. Mimi sina kazi nayo." Hana kazi nayo kweli. Siku hizi anatoa nakala za vyeti vya watu kwenye duka la vifaa vya ofisi, anarudi na vidole vyeusi. Baba alishamwambia mbele yetu: mpiga picha asiyetunza picha ni sawa na dobi anayepoteza nguo. Hajashika kamera tangu siku hiyo.

Nilisema asante. Sauti ilitoka kama ya panya.

Alhamisi, 5 Juni

Vifaa vyangu, kama jenerali anayekagua jeshi lililoshindwa:

Kamera moja, ya zamani, skrini ina ufa pembeni. Lenzi mbili. Betri mbili, moja mgonjwa. Tripodi yenye mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Maikrofoni ya kubana kolani, nimeazima kwa mwalimu wa fasihi. Kipande cha boksi nilichokibandika karatasi ya fedha ya jikoni, cha kurudisha mwanga usoni. Kiti cha ofisi chenye magurudumu, badala ya reli ya kusogezea kamera. Gurudumu moja linalia kama mtoto.

Mwalimu anataka kila mwanachama wa chama cha filamu alete filamu ya dakika tano, "Mikono Inayofanya Kazi". Mwisho wa kupokea ni Jumatano tarehe kumi na nane. Nitampiga Baba akipiga pasi. Mvuke ukipata mwanga wa nyuma unakuwa kitu kingine kabisa. Nimeusoma mwanga kwenye vitabu vitatu vya maktaba. Baba sijamsoma bado.

Kaka amenipa somo la dakika kumi, amesimama mlangoni, hakuingia. Usiamini kidole, amini nukta nyekundu – ikiwaka inarekodi, isipowaka unajidanganya. Hamisha kazi kabla ya kulala, hata ukiwa maiti. (Nilitazama tripodi.) Na ukimaliza siku, andika namba ya faili la mwisho kwenye daftari, kwa sababu kamera haisahau namba.

"Kwa nini niandike kama yenyewe haisahau?"

"Kwa sababu wewe utasahau," akasema, akaenda kula.

Jumamosi, 7 Juni

Nimechoka hadi nywele.

Chumba cha mbele, kazini kwa Baba. Meza ndefu yenye blanketi na shuka lililoungua pembe. Waya wa kutundikia nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Pasi nzito, mpini wake umefungwa kitambaa. Kila nguo ina kitambulisho cha karatasi chenye namba, kimebanwa kwa pini. Dirisha moja, mashariki. Jua linaingia saa mbili hadi saa nne tu, kwa hiyo nina saa mbili za sinema kwa siku.

Baba ana sheria moja: nguo ikishapanda mezani haishuki mpaka iishe. Hajibu simu. Hageuki. Aje rais, aje mwizi, kwanza kola, halafu mabega, halafu mikono. Mama anasema siku niliyozaliwa alimaliza suruali ndipo akaja hospitali. (Mama yuko kwa Dada mwezi huu, Dada amejifungua mtoto wa kike. Wamempa jina la Bibi.)

Mbele ya kamera Baba ni mtu mwingine. Amekauka! Anashika pasi kama anapigwa picha ya pasipoti. Nikamwomba afanye kama kawaida. Akasema, "Kawaida yangu hakuna mtu ananilenga na bomba." Halafu redio ya jirani. Halafu betri mgonjwa akafa. Halafu akaja nesi, mteja wa kila wiki, kuchukua sare zake, akasimama katikati ya fremu, mikono kiunoni.

"Mzee, umekuwa nyota? Nikija kesho nitahitaji miadi?"

"Ingia na wewe upigwe," Baba akasema. "Lakini ukitoka mbaya usinirudishie sare."

Nesi akacheka mpaka akashika mlango. Hiyo ndiyo ingekuwa filamu. Kamera ilikuwa imezimika.

Jioni nimeangalia nilichopata. Dakika kumi na moja za mwanamume aliyekauka.

Jumapili, 8 Juni

Dada amepiga simu, akawekwa kwenye spika. Mtoto analia vizuri, ananyonya vizuri. Halafu akamwuliza Kaka, kwa upole tu: eti kuna mafundi siku hizi wanaweza kurudisha vitu vilivyofutika kwenye kadi – ile kadi bado unayo?

Kaka akasema ipo, lakini ilishaandikwa juu. (Yaani kingine kimerekodiwa juu ya cha kwanza.)

Baba akasema, "Ikaandikwa juu na nani?"

Kaka akasema ni lugha ya kompyuta tu, maana yake imeharibika. Dada akasema basi, haidhuru. "Nilitaka tu mtoto asikie jina lake likitoka kwa Bibi mwenyewe."

Niliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumanne, 10 Juni

Mwalimu ametazama zile dakika kumi na moja. Mtu mpole. Akasema mwanga mzuri. Yaani mengine si mazuri. Akauliza, "Baba yako yuko wapi humu?" Nikaonyesha kwa kidole, huyu hapa. Akatabasamu. Darasa likacheka. Yule tunayemwita Spika akasema filamu yangu ni nzuri kwa wenye kukosa usingizi.

Majibu yangu hunifikia nikiwa nyumbani navua viatu.

Leo lilinifikia hili: Baba yuko kabla sijasema "anza" na baada ya kusema "kata". Katikati anakwenda mahali.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetengeneza kofia ya skrini. Jua la dirishani lilikuwa linanizuia kuona, kwa hiyo nimekata boksi la viatu, nikalipaka wino mweusi ndani, nikaacha tundu la kuchungulia, nikalifunga kwa raba mbili. Inafunika skrini yote na ule ufa. Kazi safi! Nimeiweka mezani nikaitazama kama mwanangu.

Kaka ameiona. Ameizungusha. Karibu acheke. "Ningekuwa nayo mimi zamani," akasema.

Nikamwomba aje Jumamosi anishikie lile boksi la fedha la kurudisha mwanga. Sikufikiri atakubali. Akasema, kama Baba hana neno.

Baba alikuwa kwenye kola. Tukasubiri. Alipofika kwenye mikono akasema, "Nyumba ni yake pia."

Jumamosi, 14 Juni

Siku nzuri kuliko zote na ya kuchosha kuliko zote. Saa mbili za jua, sikupoteza hata dakika. Kaka alishika boksi la fedha, Baba akapata mwanga chini ya kidevu. Nilisema anza mara kumi na nne, nikasema kata mara kumi na nne. Na katikati ya kata na anza walizungumza! Kaka alimwambia Baba amenenepa, kamera imelazimika kurudi nyuma. Baba akasema si tumbo, ni heshima.

Redio ya jirani ikaanza tena, nikatoka mbio kuomba ipunguzwe. Kusimama mlango wa mtu na kuomba! Nilirudia maneno njia nzima. Mama wa watu alikuwa mpole, akanipa na andazi. Niliporudi chumba kilikuwa kimya. Baba anatazama pasi, Kaka anatazama boksi. Nikadhani wamegombana. Tukaendelea.

Kaka alipotoka alinishika kichwa, kama zamani.

Ninahamisha kazi sasa hivi, kabla ya kulala. Macho yanafumba. Nitaangalia kesho.

Jumapili, 15 Juni

Sina filamu!

Hapana. Jana sikupata hata kipande kimoja cha Baba akipiga pasi. Nimekaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi, chai imekuwa barafu.

Nimeelewa kilichotokea. Asubuhi ya jana, nikipanga tripodi, nilibonyeza kurekodi kujaribu, nikasahau kuizima. Kwa hiyo kila niliposema "anza" na kubonyeza, kamera ilikuwa inazima. Na kila niliposema "kata", ndipo ilipoanza kurekodi. Kinyume, siku nzima! Nukta nyekundu ingenionya. Iko pembe ya kulia ya skrini. Kofia yangu, mwanangu wa boksi la viatu, inafunika pembe ya kulia.

Usiamini kidole. Aliniambia.

Nimelia kidogo. Halafu nikaangalia vilivyorekodiwa, kwa sababu ndivyo pekee vilivyopo.

Baba anajikuna shingo. Baba anapuliza kidole kilichoungua. Baba ananitazama nikihangaika na tripodi – sikuwahi kujua kwamba hunitazama hivyo. Baba analainisha shati kwa kiganja kabla ya pasi, taratibu, kama anampapasa mtu mgongo. Mwalimu aliuliza yuko wapi. Yuko humu mzima.

Halafu kipande cha tisa. Nasikika nikisema kata, redio ya jirani, miguu yangu inatoka. Wamebaki wawili. Naandika kama walivyosema, nimekisikiliza mara sita.

Baba: "Ile kadi. Nakuuliza leo kama mtu mzima mwenzangu. Ilikuwaje?"

Kaka: "Ilikufa, Baba."

Baba: "Miaka thelathini napiga pasi. Sijaona nguo inayoungua yenyewe. Unamkinga nani?"

Kaka anaweka boksi chini, anatoka kwenye fremu, anakuja upande wa kamera. Pumzi yake inasikika. Kisha mkwaruzo wa karatasi ngumu – anainua kofia ya skrini. Sekunde ishirini na mbili zinapita, nimezihesabu. Ameona nukta inawaka. Anairudisha kofia. Anarudi kwenye fremu, anaokota boksi, na safari hii anatazama ndani ya lenzi, si kwa Baba.

"Ulikuwa uzembe wangu. Nililala kabla ya kuhamisha. Tuishie hapo, Baba."

Baba anasema, "Basi sawa." Lakini uso wake hausemi sawa.

Alijua inarekodi. Alijua nitasikia. Kwa nini hakuizima?

Jumatatu, 16 Juni

Nilikwenda shule, sikumbuki tulisoma nini.

Jioni nikataka kuandika namba ya faili la mwisho, kama nilivyofundishwa. Sikuwa na daftari. Nikapekua mfuko wa pembeni wa begi la kamera nikakuta la Kaka. Dogo, jalada la plastiki. Kila kazi aliyowahi kufanya, mstari mmoja. Mahafali, mwisho faili fulani. Ubatizo, mwisho fulani. Mwandiko mzuri, kila mstari umepigwa rula.

Mstari wa mwisho kabisa:

"Harusi ya nyumbani. Mwisho 0188."

Chini yake, kwa kalamu nyingine:

"Kamera sasa inasema kinachofuata ni 0193. Vipande vinne viko wapi?"

Kisha swali limekatwa kwa mstari mmoja. Baada ya hapo kurasa nyeupe.

Kamera haisahau namba. Hata kadi ikifutwa mara kumi, inaendelea kuhesabu pale ilipofika. Sisimizi wangu walikuwa vipande vinne. Nimechomeka ile flashi, kwa mara ya kwanza tangu wakati ule. 0189. 0190. 0191. 0192.

Kwa hiyo alijua siku ileile. Nani mwingine nyumbani anagusa kamera? Bibi? Kaka alijua kabla sijamaliza kunawa mikono. Akatoka sebuleni akasema kadi imekufa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa nimekaa kwenye zulia nasoma kitabu juu chini.

Miaka miwili nilidhani nabeba mzigo peke yangu. Kumbe mimi nilibeba kikapu, gunia lilikuwa kichwani kwake.

Nimetazama sisimizi. Wote, dakika zote arobaini. Nilitaka nione kilichochukua nafasi ya Bibi. Punje ya keki inafika ukingo wa dirisha, inaanguka, wanashuka, wanaanza upya. Mahali fulani kwenye dakika ya thelathini sauti ya mlango, na Bibi kwa mbali, jikoni, anauliza nani amemaliza sukari.

Maneno manne. Nani amemaliza sukari yangu.

Nimezima kompyuta. Nimechoka sana.

Jumanne, 17 Juni

Naandika haraka, kwa mpangilio.

Nilikata filamu alfajiri, kabla ya shule. Nimetumia vipande vya kati tu, wala sikuweka kile cha tisa. Dakika nne na sekunde hamsini. Hakuna pasi inayogusa nguo hata mara moja. Yupo Baba. Kesho nitampa mwalimu, acheke anayecheka.

Saa kumi nikarudi kutoka shule. Jua la dirishani limeshaondoka, chumba cha mbele kina mwanga wa taa tu, mbaya kwa filamu. Baba alikuwa mezani na shati jeupe. Nikaenda nikamwita Kaka, ndio kwanza anatoka kazini, vidole vyeusi. Nikamwambia naomba usimame hapa. Akauliza nimekosa kipande gani. Nikasema kimoja.

Nikaweka tripodi. Nikabana maikrofoni kwenye kola ya sare yangu. Nikaitoa kofia ya skrini nikaiweka chini. Nikabonyeza, nikainama, nikaangalia pembe ya kulia. Nukta ilikuwa inawaka. Nikahesabu mpaka tano, bado inawaka.

Kaka akaona bado nimeshika tripodi. Akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, si lazima."

"Dada lazima asikie kutoka kwangu," nikasema. "Na Mama. Sitaweza kusema mara tatu."

Nikazunguka, nikaingia kwenye fremu, nikasimama pale wanaposimama wateja.

Baba alikuwa amemaliza kola na mabega. Alikuwa kwenye mkono wa kwanza. Nikajua hatageuka. Labda ndiyo maana niliweza.

Nikasema: Baba, kadi ya harusi niliifuta mimi. Kaka alikuwa amelala. Nilitaka kupiga sisimizi. Nilidhani ameshahamisha, sikuuliza. Kisha nikaficha. Kaka alijua siku ileile, akajibebesha yeye. Bibi nimemfuta mimi. Yamebaki maneno yake manne, ninayo.

Hivyo tu. Nilikuwa nimeandaa ukurasa mzima.

Baba akafika mwisho wa mkono wa kwanza. Akaugeuza. Akashika mkono wa pili, akaulainisha kwa kiganja, akanyanyua pasi.

Akaiweka pembeni. Akanyoosha mkono ukutani akaizima.

Sikuwahi kuona akiacha nguo haijaisha. Kaka pia hakuwahi, aliniangalia. Baba akakaa kwenye kile kiti cha magurudumu, gurudumu likalia, akafunika macho kwa vidole viwili. Akasema, bila kututazama, "Nenda ndani kidogo."

Nimekuja chumbani. Sikuzima kamera. Nukta inawaka mpaka sasa, nadhani. Kupitia mlango naona meza: shati lipo palepale, mkono mmoja umenyooka, mmoja una makunyanzi. Baba anazungumza. Nasikia sauti yake tu, siyapati maneno. Amemwita Kaka kwa jina lake la utotoni, hilo nimelipata. Kaka anajibu, anasimama, anajibu tena. Kitu kama kilio, sijui cha nani.

Gurudumu la kiti limelia tena.

Baba ameita jina langu. Mara moja.

Nimetoa flashi ya sisimizi kwenye droo, nimeitia mfukoni, nimevaa ndala.